Kibali cha Moto

Jumatatu asubuhi, wiki ile ile jiko jipya la Nyumba ya Rehema lilipofunguliwa, Wangare mpishi alibandika sufuria ya uji, akachochea kuni, akaenda kuchambua maharagwe. Aliporudi kuni zilikuwa zimekwisha kuwa majivu na maji yalikuwa baridi vile vile yalivyotoka mtoni. Akaongeza kuni. Zilikuwa mabanzi makavu ya mwerezi, yale maganda ya magogo yanayotupwa na kiwanda cha kupasua mbao cha Elburgon, ambayo hushika moto hata ukiyatazama vibaya. Yakashika. Ndimi za moto zikapanda mpaka kitako cha sufuria, nyekundu na nzuri. Wangare akatia mkono katikati yake, akauacha humo kwa muda wa kusema Baba Yetu bila haraka, akautoa. Ulikuwa umepata baridi. Akaufuta kwenye aproni, akaenda kumwambia msimamizi.

Msimamizi aliitwa Peterson Mathenge. Alikuwa barazani akipiga viatu vyake rangi, kazi aliyoifanya kila siku ingawa uwanja wote ulikuwa tope.

"Bwana Mathenge, ile moto ya jiko mpya haina joto."

"Umeweka kuni mbichi?"

"Kuni ni kavu kabisa. Inawaka vizuri. Ni joto ndio haina."

Peterson alikipiga kiatu brashi mara nyingine. "Na watoto wamekunywa nini?"

"Maji na unga."

"Basi waambie waingie darasani."

Nyumba ya Rehema ilikuwa kwenye mteremko wa upande wa Mau, juu kidogo ya Elburgon, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi na nyasi huamka nyeupe kwa umande ulioganda. Mtu anayekaa huko bila moto hukaa kwa muda mfupi. Watoto waliolelewa hapo walikuwa watoto wa vibarua wa mashamba ya walowezi, wachuma pareto na wakamuaji wa ng'ombe. Hali ya Hatari ilipotangazwa, wakati wa vita vya Mau Mau, malori yalikuja shambani yakabeba baba zao kuelekea upande mmoja na, baadaye, mama zao kuelekea upande mwingine. Watoto hawakupata nafasi kwenye malori.

Baba wengi hawakusikika tena. Mama walikuwa karibu. Walikuwa katika kambi ya wanawake kwenye kilima cha pili, wakichimba barabara ambayo haikuwa imeamuliwa bado inakwenda wapi. Siku isiyo na ukungu, mtu akisimama kwenye mlango wa jiko aliona seng'enge, mnara wa askari, na moshi wa jioni. Serikali haikuwa na jina la mtoto ambaye mama yake yuko hai ng'ambo ya bonde akishika jembe. Ilikuwa na jina la yatima, na jina hilo lilikuja na blanketi na mgao wa unga. Kwa hiyo wakawa yatima. Walifundishwa wasitazame kilima cha pili, nao walikitazama siku nzima.

Mmoja wao alikuwa Njoki, binti wa Wangeci, aliyefika umri wa kung'oka meno. Mgeni akimwuliza mama yako yuko wapi, alijibu kama alivyofundishwa: "Alikufa." Halafu aligeuza kichwa kuona kama moshi bado upo.

Vijana wa kujitolea walikuja kutoka Ulaya kwa meli na gari moshi, mwanzo wa mwaka ule, walipomaliza kusoma katika gazeti la kanisa lao kwamba Kenya kuna yatima wasio na jiko. Walikuwa wanafunzi wa vyuo, wenye afya na nyimbo. Kiongozi wao alipewa na watu wa hapo jina la Bwana Timazi, kwa sababu hakuachana na timazi yake, ile risasi inayoning'inia kwenye uzi kuonyesha kama ukuta umesimama wima. Aliitoa hata mezani akapima chupa ya chumvi. Msichana aliyekuwa msaidizi wake aliitwa Miss Asante. Alikuwa na neno moja la Kiswahili, na kwa haki aliligawa kwa wote, hata kwa mbwa.

Walijenga kwa moyo. Walibeba mawe wenyewe, wakaungua pua na jua, wakaimba asubuhi na wakaomba jioni. Mashina ya mahindi shambani yalikua, yakachanua, yakazaa, na ukuta ukapanda polepole kando yake. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa Wakikuyu wa mashambani mle nyumba huanza asubuhi na kumalizika siku hiyo hiyo, ujirani mzima ukisaidiana, na moto huingia ndani kabla jua halijazama. Moto wenyewe hauwashwi humo. Hutolewa mafigani kwa mama wa wenye nyumba, ukabebwa na mtoto, ukapokewa mlangoni. Mama akiwa amekufa, moto wa jirani yeyote unatosha. Akiwa hai, hakuna mwingine unaotosha. Peterson aliyajua haya vizuri kuliko alivyokiri kanisani, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyebeba moto siku baba yake alipojenga nyumba ya pili.

Jiko la zamani lilikuwa banda la nyasi lililojaa masizi. Moto wake ulikuwa na historia. Siku malori yalipobeba wanawake, Wangare alipita na karai kwenye laini za vibarua, zile safu za vibanda vyao, akakusanya makaa kutoka mafiga yaliyoachwa yakiwaka, kwa sababu yeye hawezi kuona moto umeachwa peke yake. Tangu siku hiyo hakuuacha uzime. Alilala akiufikiria kama mtu anavyomfikiria ndama mgonjwa. Jiko jipya lilipokamilika, Bwana Timazi, ambaye alikuwa mtu safi, aliyamwagia mafiga ya zamani maji ya ndoo mbili, vijana wakalibomoa banda wakiimba, wakapanda maua mahali pake. Ndoo ya pili ilishikwa na Peterson. Wangare alisema "Ngojeni kidogo," lakini aliisema kwa Kikuyu, na Peterson hakutafsiri.

Kisha Miss Asante alipewa heshima ya kuwasha moto wa kwanza. Alitumia kiberiti alichotoka nacho kwao. Picha ilipigwa, watoto wakapiga makofi, naye akasema asante.

Ndivyo jiko lilivyokuja kuwa na moto wa kutazama tu. Jumatatu ile mchana Bwana Timazi aliitwa. Alitia mkono kwenye ndimi, akautoa, akautazama, akapanda juu ya paa na kushusha timazi ndani ya bomba la moshi. Bomba lilikuwa wima. Akasema tatizo ni unyevu wa hewa. Hakushangaa hata kidogo. Kwao alikuwa ameambiwa kwamba huku vitu huchelewa kufanya kazi.

Jioni iligunduliwa kwamba moto ulikuwa na joto kwa mtoto mmoja. Ngigi, mvulana mnene mchangamfu ambaye mama yake alizikwa miaka mingi kabla ya malori, kanisa lote likishuhudia, alikaa kando ya meko akaanza kutoka jasho. Akavua sweta. Waliokaa huku na huku kwake meno yalikuwa yanagongana. Wakabadilishana mahali, na jasho likamfuata Ngigi. Wangare alimweka karibu na sufuria kwa matumaini, na kweli upande wa sufuria uliomwelekea ulichemka kidogo, ugali ukaiva nusu. Bwana Timazi alimpiga picha. Peterson alimtazama kwa shukrani. Ilikuwa vizuri nyumba ya yatima kuwa na yatima hata mmoja.

Siku zilizofuata Peterson alijaribu kila moto aliokuwa na uso wa kuuomba. Alileta makaa kutoka nyumbani kwake, kutoka kwa mzee wa kanisa, na kutoka kwenye tanuri la kiwanda cha mbao, ambalo huendesha misumeno mikubwa. Yote yalichoma vizuri njiani. Yakivuka kizingiti yaliendelea kuwaka, lakini baridi. Miss Asante aligawa sweta zilizofumwa na akina mama wa kanisa lake, ambao hawakuwa wameambiwa watoto wenyewe ni wa kimo gani. Moja ingemtosha paka, nyingine ingemtosha fahali, na vifungo vya zote vilidondoka siku ya kwanza.

Njoki alianza kukohoa. Mara ya kwanza ilikuwa kikohozi cha kawaida, halafu kikateremka kifuani kikakaa. Dresa wa zahanati aliitwa kutoka mjini. Aliweka sikio mgongoni mwa mtoto, akasema mapafu yameshikwa na baridi, apashwe joto sana, la sivyo hatamaliza mwezi.

"Si moto hii hapa?" aliuliza, akionyesha meko.

"Hiyo ni ya kuangalia," Wangare alimwambia.

Dresa alitia kidole, akakubali, akafunga mkoba wake.

Alipoondoka Wangare alimfuata Peterson mpaka barazani. "Bwana Mathenge, wewe unajua hii moto inataka nini."

"Sijui."

"Unajua. Inataka ya mama zao."

"Hawa watoto hawana mama."

"Basi kwa nini ni Ngigi peke yake anatoa jasho?"

Peterson alichukua brashi ya viatu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga mwenye mshahara, na mke, na watoto wake mwenyewe shuleni ambao hakuna aliyewaita yatima. Alijua kwamba akifungua mdomo vibaya Nyumba ingefungwa, na alijua pia kwamba akiufumba Njoki angekufa. Alikisikiliza kikohozi kile mpaka usingizi ukakataa kuja. Kesho yake alivaa viatu vyake vilivyong'aa, akamchukua Bwana Timazi, wakaenda kwa DO, afisa wa serikali wa wilaya.

DO alikuwa Mwingereza kijana mwenye mbwa chini ya meza. Alisikiliza habari yote bila kuinua nyusi, kwa sababu wiki hiyo alikuwa amekwisha kusikia kesi ya ng'ombe waliohama shamba kwa hiari yao na ya mto uliokataa kupita kwa mlowezi mmoja.

"Kwa hiyo moto ya kambi iko na joto," alisema, "na ya Nyumba hapana."

"Ndiyo, bwana."

"Kwa nini?"

Peterson alimtazama mbwa. "Labda ni kuni yao, bwana."

"Mathenge, sikia. Hawa watoto iko na mama au hapana? Wewe ukisema iko, basi si yatima. Wanatoka kwa Nyumba leo, wanarudi kwa shamba, na bwana ya shamba hataki hata mmoja. Ukisema hapana, wanakaa. Sema wewe."

Bwana Timazi alikuwa akipima dirisha. Peterson alihisi shingo yake ikipata moto, moto wa kweli, wa kwanza kuuhisi tangu Jumatatu.

"Ni yatima, bwana," alisema.

"Mzuri."

DO alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alifungua kitabu cha kanuni za kambi, akatafuta, akakuta kwamba zinakataza watu kutoka, na majembe, na nyimbo fulani, lakini hazitaji moto. Akaandika kibali. Kilisema kwamba moto, usiozidi karai moja, unaruhusiwa kutoka kambini kila jioni ukisindikizwa na askari mwenye silaha, na kwamba hauruhusiwi kufuatana na mfungwa yeyote. Majivu yake yangerudishwa kila asubuhi, kwa kuwa mali ya kambi haiwezi kutoka bila kurudi. Akapiga muhuri, na mbwa akalamba mkono wa Peterson.

Askari aliyepewa kazi aliitwa Kosgei, mtu wa Kuresoi, mrefu, mpole, aliyekuwa na ng'ombe kwao ambao aliwakumbuka kuliko alivyowakumbuka watu. Jioni hiyo alipita kati ya mafiga ya kambi na karai mkononi na bunduki begani. Habari ilikuwa imemtangulia. Wanawake hawakuuliza moto unakwenda wapi. Kila mmoja alichagua kaa moja mafigani pake akalitia kwenye karai, na mwenye kaa dogo alilipuliza kwanza. Wa mwisho alikuwa Wangeci. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono iliyopasuka kwa jembe. Alilitia kaa lake katikati ya mengine, akalifunika kwa majivu kidogo lisife njiani.

"Afande," alisema, "kule unapeleka kuna mtoto anakohoa?"

"Mimi nabeba moto, mama. Mambo ya watoto haiko kwa kibali."

"Haya."

Kosgei alitembea mpaka karibu na geti, akasimama kubadilisha mkono kwa sababu karai lilikuwa linachoma.

"Nitaangalia," alisema bila kugeuka.

Alishuka bonde, akavuka mto kwa mawe, akapanda upande wa pili. Mlangoni pa jiko jipya Wangare alikuwa amemshika Njoki ndani ya blanketi. Watoto wengine walisimama nyuma yake. Vijana wa kujitolea walisimama nyuma ya watoto na kamera, ingawa mwanga ulikuwa umepungua. Kosgei aliona hakuna haja ya kueleza. Hata kwao Kuresoi vitu kama hivi vina utaratibu wake. Akainama, akamkabidhi mtoto karai. Njoki akalibeba kwa mikono miwili, akipepesuka, Wangare akiushikilia ukingo kidogo tu, na akavuka nalo kizingiti. Akayamwaga makaa mafigani.

Chumba kikapata joto mara moja. Mabati ya paa yalianza kulia, yakitanuka. Uji ulichemka ukafurika, na Wangare akautukana kwa furaha. Watoto walivua zile sweta, wakakaa kimya wakiwa wameelekeza viganja kwenye moto, na kila mmoja alionekana anasikiliza. Ngigi alifurahi kwamba jasho halimtoki peke yake.

"Nilisema ni unyevu wa hewa," Bwana Timazi alimwambia Miss Asante.

Njoki alilala kando ya meko. Asubuhi sweta yake ilikuwa na vifungo vyote, vimeshonwa kwa uzi mweusi, mshono wa msalaba. Funza aliyekuwa kwenye kidole chake cha mguu alikuwa ametolewa na kidonda kupakwa majivu. Ndivyo ilivyokuwa kwa wote. Aliyelala na pua chafu aliamka imepanguswa. Mvulana mmoja mtukutu aliamka na alama nyekundu sikioni, ya kuvutwa, naye hakulalamika; alilishika sikio lile siku nzima kwa raha. Wangare hakuuliza. Vijana wa kujitolea waliandika nyumbani kwamba afya ya yatima imekuwa bora sana tangu ukuta ulipokamilika, na waliamini walichoandika.

Asubuhi Kosgei alichota majivu yaliyopoa, akayarudisha kambini kama kibali kilivyosema. Kilisema yarudishwe, hakikusema wapi, kwa hiyo akayamwaga mbele ya wanawake waliokuwa wamekaa wakisubiri majembe.

Kikohozi cha Njoki kilipanda kutoka kifuani, kikakaa kooni, na kabla ya Jumapili kikatoka.

"Ameacha kukohoa," Kosgei alisema asubuhi kilipokwisha, akikung'uta karai.

"Nani?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Yule haiko kwa kibali."

Wangeci aliinama akajifanya anafunga kitambaa cha kichwa. Alilia kidogo, akaacha, kwa sababu majembe yalikuwa yamefika.

Jioni ya siku hiyo aliomba kwa mkuu wa kambi aruhusiwe kuubeba moto yeye mwenyewe, mara moja tu, afungwe hata pingu za miguu. Ombi lilipelekwa kwa DO. Jibu lilirudi kwa adabu. Lilisema kwamba moto umepata kibali kwa sababu hauna makosa yoyote yaliyoandikwa, na kwamba huko kwenye Nyumba ya Rehema hakuna mtoto aliyeandikishwa kuwa na mama. DO alikuwa ameyasikia haya kwa masikio yake kutoka kwa msimamizi.

Vijana wa kujitolea walifanyiwa sherehe ya kuagana. Kulikuwa na chai, mikate, bendera, na kibao cha shaba ukutani kilichosema jiko limejengwa kwa upendo kwa ajili ya wasio na wazazi. DO alihutubia. Alisema joto la jiko hili ni joto la mioyo ya wageni wetu, na mabati yakalia juu ya kichwa chake. Baadaye Njoki alisimamishwa mbele, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mgonjwa akapona. Alisema maneno aliyofundishwa na Peterson: "Sisi yatima wa Nyumba ya Rehema tunawashukuru kwa jiko." Aliyasema vizuri, bila kukosea, huku jino la mbele la chini likicheza kwa kila neno.

Miss Asante alipiga magoti mbele yake akiwa na machozi. Alimwomba Peterson amwulize mtoto ni nani huwasha moto mzuri namna hii.

Peterson aliuliza.

"Ni ya mama yangu," Njoki alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye mikate. "Inakuja jioni na askari."

Watoto wengine walitikisa vichwa kukubali. Wangare aliacha kumimina chai. Peterson alivitazama viatu vyake, vilikuwa vinang'aa, akajiona ndani yake akiwa mdogo sana.

"Anasema asante," alitafsiri.

"Asante," alisema Miss Asante, na akamkumbatia mtoto.

DO, aliyekijua Kiswahili cha kutosha, alikuwa anakagua ndani ya kofia yake.

Miss Asante alizeeka akiikumbuka siku hiyo. Kila mwaka, kwao, katika ukumbi wa kanisa, alionyesha picha ukutani kwa taa: ukuta ulionyooka, Ngigi akitoka jasho, Njoki na mdomo wazi. Alisimulia yote kwa uaminifu. Alisema kwamba moto wa kwanza ulikuwa baridi, na wasikilizaji wakaguna kwa huruma, wakauliza kama sweta zilitosha. Alisema kwamba askari alileta moto mwingine kila jioni kutoka kilima cha pili. Mtu mmoja aliwahi kuuliza kilimani kulikuwa na nini. Alifikiri, akasema labda kijiji. Hakudanganya. Alikuwa hapo miezi mingi, na hakuwahi kuuliza.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku gari moshi lilipowachukua wageni, Kosgei alikuja jioni kama kawaida, watoto wakaupokea moto, wakala, wakalala. Jino la Njoki lilitoka akiwa anatafuna githeri ya mahindi na maharagwe. Wenzake walimwambia alirushe juu ya paa, apate jipya lenye nguvu, kama ilivyo desturi. Njoki alilishika kiganjani mpaka wote wakasinzia, kisha akalizika kwenye ukingo wa meko, ndani ya majivu, mahali ambapo Kosgei huanza kuchota.

Asubuhi majivu yalimwagwa mbele ya wanawake. Siku zote waliyapitisha vidoleni kabla hayajapeperuka, bila kuambiana wanatafuta nini. Wangeci alikuta kitu kidogo, kigumu, kimeoshwa na joto. Hakuhitaji kukichunguza. Siku ya lori Njoki alikuwa na meno yote ya utoto, na hili lilikuwa la kwanza kuota, lile lililomuuma Wangeci titi naye akacheka. Alifurahi, kwa kuwa mtoto mwenye afya hung'oka meno kwa wakati wake. Na aliumia sana, kwa kuwa kulikuwa na damu, na hakuwapo kumwambia asiogope.

"Ni nini hiyo?" Kosgei aliuliza.

"Ni jino."

Kosgei alikunja uso. Alitoa kibali mfukoni, akakisoma tena, midomo ikitembea. "Hii inasema majivu tu ndio irudi."

"Lilikuwa ndani ya majivu."

Alifikiri juu ya hilo, kwa uzito, kama angelifikiria deni la ng'ombe.

"Basi ni majivu," alisema, akakikunja kibali.

Wafungwa walikaguliwa mifuko, vitambaa na nywele kila walipokwenda kazini na kila waliporudi. Wangeci akalitia jino mdomoni, chini ya ulimi, akaenda kuchimba barabara. Jioni alitoa kaa lake mafigani, akalitia la mwisho, akalifunika. Kosgei akalibeba karai mpaka getini. Mlinzi akasoma kibali, akainama akachungulia kuona kama hakuna mtu ndani ya moto, akafungua. Moto ukapita, ukashuka kuelekea mtoni. Geti likafungwa, na wanawake wakapangwa mstari kuitwa majina. Jina la Wangeci lilipofikiwa aliinua mkono tu, kwa kuwa hangeweza kufungua kinywa.